Kabla ya Kuchangia Diski Bandia

Karibu kila kikundi cha WhatsApp cha ukoo kina mgonjwa wake wa mgongo. Huanza picha ya karatasi ya MRI (kipimo cha kupiga picha ndani ya mwili), imepigwa kwa simu, imelala upande. Kabla haijasomwa vizuri, mjomba mmoja anauliza nani anamfahamu daktari India. Jioni namba ya kuchangia ishawekwa. Na sasa limeingia neno jipya, diski bandia: ile diski ya asili, mto laini ulio katikati ya pingili za mgongo, ikichakaa inatolewa, inawekwa ya chuma na plastiki mahali pake, na mgonjwa anarudi kuinama na kugeuka kama zamani.

Sina ugomvi na diski bandia. Nina ugomvi na haraka yetu. Hatuulizi nani amethibitisha kwamba diski hiyo ndiyo inayouma.

Tunaiamini mno karatasi ya MRI. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, na wenzake walikusanya tafiti zilizopiga picha migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wa miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hao ni watu wasiolalamika chochote. Ukimpiga picha mama yeyote wa miaka hamsini anayeuza ndizi sokoni, huenda karatasi ikaandika mambo ya kumtisha, naye kesho yake angebeba mkungu kama kawaida. Diski kukutwa imechakaa kwenye mgongo unaouma ni sawa na mtu kukutwa eneo la wizi: anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mpita njia.

Wazo lenyewe la kubadilisha diski si geni. Msweden Ulf Fernström aliwahi kuweka gololi za chuma katikati ya pingili, akachapisha matokeo yake mwaka 1966. Gololi zilikuwa ngumu kuliko mfupa, na kwa wagonjwa wengi zikazama ndani yake. Waliofungua ukurasa mpya ni madaktari wa hospitali ya Charité, Berlin Mashariki, Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz, ambao diski yao iliwekwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1984. Huyu Karin ndiye yule yule mwanajimnastiki aliyechukua medali mbili za dhahabu Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Dada aliyeruka na kujipinda mbele ya dunia nzima akaja kutengeneza kiungo cha kurudishia watu kujipinda! Marekani iliiruhusu diski hiyo mwaka 2004, nayo baadaye ikaondolewa sokoni na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine.

Lakini shingo na kiuno havifanani, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea.

Kwenye shingo, mgonjwa wa operesheni hii kwa kawaida haji kwa sababu ya shingo tu. Anakuja kwa sababu mkono unawaka moto, vidole vina ganzi, kikombe kinamponyoka. Diski imetokeza na kubana mshipa wa fahamu. Daktari anaingia kwa mbele ya koo, anaondoa kinachobana, na hiyo ndiyo tiba yenyewe. Kinachobaki ni kujaza pengo: ama pingili mbili ziunganishwe ziwe mfupa mmoja, ama iwekwe diski inayocheza. Mchezaji wa hoki ya barafuni Jack Eichel alivutana na timu yake ya Buffalo Sabres kwa miezi kadhaa mwaka 2021 juu ya hilo hilo. Timu ilitaka aunganishwe pingili, yeye akataka diski bandia. Wakamuuza kwa timu ya Vegas, akafanyiwa alichotaka Novemba mwaka huo, Februari 2022 akarudi uwanjani, na mwaka 2023 akanyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi yao. Majaribio ya Marekani yaliyofuatilia wagonjwa wa shingo kwa miaka kumi nayo yameonyesha kwamba waliowekewa diski kadhaa za aina hii walirudi chumba cha upasuaji mara chache kuliko waliounganishwa. Tukumbuke tu kwamba mengi ya majaribio hayo yalilipiwa na watengenezaji.

Kiunoni mambo ni mengine. Huko mara nyingi diski hubadilishwa kwa ajili ya maumivu ya mgongo wenyewe, hakuna mshipa uliobanwa wa kuoneshea kidole. Njia nayo ni ndefu: daktari anapita tumboni, anasogeza mishipa mikubwa ya damu, na kwa mwanamume kuna hatari ya neva zinazohusika na kutoa mbegu kuguswa. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, uliandika waziwazi kwamba watu wenye maumivu ya kiuno wasipewe diski bandia. Wapo madaktari wazuri wanaopinga hilo, na wapo wagonjwa waliochaguliwa kwa makini wakapona. Mimi nasimama na NICE.

Halafu si kila mgongo unakubali. Mifupa iliyopungua nguvu, pingili iliyoteleza, viungo vya nyuma vilivyosagika, maambukizi: hao wote huambiwa hapana. Kwetu hilo la maambukizi si la kupitia haraka, maana kifua kikuu hushambulia pingili pia. Mgongo unaouma pamoja na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku unahitaji vipimo vya TB kwanza. Na ukifa ganzi katikati ya mapaja au mkojo ukakataa kutoka, au ukatoka bila kuhisi, usingoje mchango, kimbia hospitali usiku huo huo.

Waliobaki, ambao ndio wengi, wanahitaji kitu kisichovutia kuchangisha: muda, kutembea, na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kazi yake. Maumivu yanayoshuka mguuni kwa sababu ya diski iliyotokeza mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Lakini jaribu kuandika kwenye kikundi, "Ndugu zangu, tumchangie shangazi nauli ya kwenda fiziotherapia mara mbili kwa wiki." Kimya kitakachofuata unakijua.

Kama bado safari ipo, basi mgonjwa asipande ndege ya kurudi bila ripoti kamili ya operesheni, na jina, aina na namba ya kifaa alichowekewa. Kikisogea au kikizama miaka mitano baadaye, atakayemfungua tena anaweza kuwa daktari wa Dar es Salaam au Nairobi, akipita kwenye tumbo lenye makovu yaliyoshikana na mishipa ya damu. Daktari huyo asianze kwa kubahatisha ni chuma cha nani.