Mets kumwacha Alonso: hesabu imekaa sawa, pengo bado liko wazi

Oktoba 3, 2024, mjini Milwaukee. Ni mechi ya besiboli, inningi ya tisa, yaani awamu ya mwisho. New York Mets wako nyuma 2-0 na wakipoteza mechi hii msimu wao umekwisha. Wana wachezaji wawili kwenye besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili arudi nyumbani. Devin Williams, mrushaji wa Milwaukee, anaachia ule mpira wake wa mwendo wa kudanganya uliomjengea jina, na Pete Alonso anauchapa kuelekea kulia mpaka unavuka ukuta. Hiyo ndiyo homurani: mpira umetoka, mpigaji na kila mwenzake aliye kwenye besi wanarudi nyumbani wakihesabiwa pointi. Ikawa 3-2. Mechi iliisha 4-2 na Mets wakasonga mbele.

Miezi 14 baadaye mtu huyohuyo amekubaliana na Baltimore Orioles: miaka 5, dola milioni 155. Mets, klabu ya bilionea Steve Cohen, wamemwangalia akiondoka. Kelele za mashabiki wa Queens, eneo la New York ulipo uwanja wa Mets, zinaeleweka. Alonso alilelewa na klabu hiyohiyo, alipiga homurani 53 mwaka 2019, rekodi ya ligi kuu kwa mchezaji wa msimu wa kwanza, na Agosti 2025 akaivuka rekodi ya klabu ya Darryl Strawberry ya homurani 252. Ameondoka akiwa na 264. Mtu wa namna hiyo anaachwaje na timu yenye pesa kuliko karibu zote?

Tuanze na alichokifanya uwanjani, maana huko ndiko hoja ya kumbakiza ina nguvu zaidi. Majira ya baridi ya 2024 alikuwa mchezaji huru kwa mara ya kwanza, na soko lilimpa kisogo. Msimu wake wa mwisho ulikuwa na homurani 34 na wastani wa kupiga .240, yaani mapigo safi 240 kwa kila zamu 1,000: viwango vizuri, lakini si vya kilele chake. Februari 2025 akarudi Mets kwa mkataba wa miaka 2, dola milioni 54, wenye kipengele cha kujitoa baada ya mwaka mmoja. Mwaka huo mmoja akautumia vilivyo: wastani .272, homurani 38, pointi 126 zilizoingizwa na gongo lake, mechi zote 162. Kasi ya wastani ya mpira unaotoka kwenye gongo lake, kipimo ambacho wachambuzi wa timu hukiamini kuliko idadi ya homurani kwa sababu hakitegemei upepo wala ukubwa wa uwanja, ilipanda kutoka chini ya maili 90 kwa saa hadi zaidi ya 93. Ushahidi wa bahati hauko hivyo. Huyo ni mtu aliyerekebisha namna anavyopiga.

Halafu kuna jambo ambalo halipewi uzito wake: Alonso hakosi mechi. Alimaliza msimu wa 2025 akiwa amecheza zaidi ya mechi 400 mfululizo. Kwa kocha, jina ambalo unaliandika kwenye kikosi kila siku bila kumuuliza daktari lina thamani yake. Kila mechi anayokosa nyota, nafasi yake hupigwa na mchezaji wa akiba, na tofauti hiyo haionekani kwenye takwimu za nyota mwenyewe.

Upande wa pili unaanza na glavu. Alonso hucheza besi ya kwanza, nafasi inayodhaniwa ni ya kupumzikia wapigaji wazito. Kazi yake kubwa ni kudaka mipira ya wenzake, lakini kuna kitendo kimoja kinachohitaji ustadi: mpira wa chini ukimjia mbali na besi, yeye huuokota, na mrushaji hukimbia kutoka katikati kwenda kuifunika besi. Anatakiwa amtupie mwenzake anayekimbia, usawa wa kifua, hatua moja kabla hajafika, ili adake kisha akanyage. Ukichelewa, mkimbiaji amefika. Ukitupa juu, mrushaji anaruka huku akiwa kwenye mwendo, na hapo ndipo misuli hukatika.

Ndivyo ilivyotokea Juni 12, 2025, dhidi ya Washington. Alonso alitupa juu, Kodai Senga akaruka kuudaka, akashuka akiwa ameshika msuli wa nyuma ya paja. Siku hiyo Senga alikuwa anaruhusu wastani wa pointi 1.47 tu kwa kila inningi tisa, na Mets waliondoka uwanjani na rekodi ya 45-24, ushindi 45 na vipigo 24, bora kuliko timu zote za ligi. Senga alirudi lakini si yule, na Septemba alikuwa ameshushwa ligi ya chini. Mets walimaliza 83-79, sawa na Cincinnati, wakakosa mtoano kwa kanuni ya kutenganisha timu zilizolingana. Kumbebesha Alonso anguko lote lile kwa mpira mmoja ni uonevu, kwani warushaji wengine kadhaa nao waliumia au walipoteza makali. Ila David Stearns, mkuu wa shughuli za besiboli wa Mets, alipotoka hapo na kusema timu lazima izuie pointi vizuri zaidi, kila aliyekuwa akifuatilia alijua besi ya kwanza imo ndani ya maneno hayo. Vipimo vya ulinzi vya msimu huo vilimweka Alonso karibu na mkia kwenye nafasi yake.

Jibu la kawaida ni kwamba akizeeka atahamishiwa nafasi ya mpigaji asiyelinda, yule anayepiga tu na kukaa benchi wenzake wanapolinda. Tatizo ni kwamba timu ina nafasi hiyo moja tu, na Mets wameshaiwekea mteja. Juan Soto alisaini miaka 15 kwa dola milioni 765 Desemba 2024. Naye si mlinzi wa kujivunia, na miguu yake haitaongezeka kasi. Mwaka 2029 au 2030 Mets wangekuwa na wazee wawili wanaogombea kiti kimoja, na anayekosa kiti anaingia uwanjani na glavu.

Sasa pesa. Hapa wengi husoma mkataba nusu. Dola milioni 155 kwa miaka 5 ni wastani wa milioni 31 kwa mwaka, na wastani huo ndio unaohesabiwa kwenye kodi ya anasa, yaani tozo inayolipwa na timu ambayo mishahara yake imevuka kiwango cha ligi. Kwa 2026 kiwango hicho ni milioni 244. Timu iliyovuka miaka mitatu mfululizo au zaidi, kama Mets, hulipa asilimia 50 ya kila dola iliyozidi. Ikizidisha kwa zaidi ya milioni 20 ni asilimia 62. Zaidi ya milioni 40, asilimia 95. Na kila dola iliyo juu ya milioni 304 hutozwa asilimia 110. Mshahara wa mwisho kuongezwa kwenye daftari la Mets huangukia huko juu kabisa. Kwa hiyo Alonso wa milioni 31 angewagharimu milioni 31 za mshahara na milioni 34.1 za kodi: jumla 65.1 kwa mwaka mmoja. Kwa Baltimore, walio chini ya kiwango, milioni 31 ni milioni 31.

Mtu akikuambia Cohen ana hela asingejali, mwonyeshe hiyo hesabu. Zidisha mara tano, unapita milioni 325. Ni kweli kwamba mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026, na viwango vya kodi baada ya hapo vinaweza kubadilika. Lakini hakuna klabu inayopanga bajeti kwa kutegemea kodi itafutwa.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, na Mets hawapendi kuusema. Mahali pa Alonso walimleta Jorge Polanco, miaka 2, milioni 40. Naye yuko juu ya mstari uleule: milioni 20 pamoja na 22 za kodi ni 42 kwa mwaka. Kwa msimu wa 2026, basi, kilichookolewa ni milioni 23, na mkononi una mchezaji aliyekulia shotstopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) na besi ya pili, anayejifunza besi ya kwanza akiwa na miaka 32. Ile kazi ya kutupa mpira usawa wa kifua niliyoieleza juu haijifunzwi kwa wiki sita za mazoezi. Polanco ni mpigaji mzuri, alikuwa na homurani 26 Seattle mwaka 2025. Ila hoja ya Mets ilikuwa ulinzi, na kumweka mgeni kwenye nafasi uliyosema inakugharimu pointi ni kuivunja hoja yako mwenyewe. Akiba halisi ya uamuzi huu iko kwenye mwaka wa tatu, wa nne na wa tano. Miaka miwili ya kwanza Mets wamepungukiwa.

Historia hutumiwa vibaya kwenye mijadala hii. Watu humtaja Albert Pujols. St. Louis Cardinals walimwacha baada ya kutwaa ubingwa wa 2011, Los Angeles Angels wakampa miaka 10 na dola milioni 240, na kule wastani wake ukaanguka mpaka .256, kutoka .328 aliyokuwa nayo St. Louis. Funzo linalochukuliwa ni kwamba kumwacha nyota ni busara. Sawa, lakini Pujols alianza mkataba ule akielekea miaka 32 na ulimpeleka hadi 41. Alonso alitimiza 31 Desemba 2025, na mkataba wake unaisha akiwa na 35. Pili, Cardinals walipewa fidia. Kwa kanuni za wakati ule walipata chaguo la raundi ya kwanza la Angels kwenye drafti, zoezi la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, wakamchukua Michael Wacha, aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya 2013 ya Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na chaguo la nyongeza likawapa Stephen Piscotty.

Mets hawapati hata kimoja. Timu hupata fidia ya drafti ikiwa ilimpa mchezaji ofa maalumu ya mwaka mmoja naye akaikataa, na mchezaji hupewa ofa hiyo mara moja tu maishani. Alonso alishapewa ofa hiyo na kuikataa Novemba 2024, ikiwa milioni 21.05. Kwa hiyo pale Mets walipokubali kipengele cha kujitoa Februari 2025, walikuwa wakimpa ruhusa ya kuondoka bure, na bila mnunuzi kupoteza chaguo lake. Soko lililompa kisogo mara ya kwanza lilikuwa na sababu hiyo pia: aliyemsajili angepoteza chaguo. Mara ya pili kikwazo kilikuwa kimeondolewa.

Mfano unaofaa zaidi ni klabu ya Atlanta. Machi 2022 walimwacha Freddie Freeman, kipenzi cha mji, naye akaenda Los Angeles Dodgers kwa miaka 6, milioni 162, na mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa fainali. Atlanta hawakulia sana, kwa sababu kabla Freeman hajasaini kwingine walikuwa wameshamnunua Matt Olson kutoka Oakland na kumfunga kwa miaka 8, milioni 168. Mwaka 2023 Olson alipiga homurani 54, rekodi ya klabu. Mtu wa besi ya kwanza alikuwa ndani ya nyumba kabla wa zamani hajafunga mlango.

Msimamo wangu ni huu: kukataa miaka mitano kulikuwa sahihi, na kutofanya lolote zaidi ya kukataa hakukuwa sahihi. Ningeweka mezani miaka 3 kwa milioni 35 kila mwaka. Pamoja na kodi ni milioni 73.5 kwa mwaka, inauma, lakini jumla yake ni takriban 220, chini ya zile 325, na inakatika kabla Soto hajakihitaji kile kiti. Wakala wake, Scott Boras, huenda angeikataa asubuhi hiyohiyo, kwani Alonso alijitoa kwenye mkataba kutafuta miaka. Basi aikatae yeye. Klabu iliyompoteza mrushaji wake wa kumalizia mechi, Edwin Díaz, kwa Dodgers na kumpeleka Brandon Nimmo Texas katika majira hayohayo ya baridi ilihitaji kuonekana imejaribu.

Baltimore nao wana mengi ya kujibu. Januari 2016 walifanya kile ambacho mashabiki wa Mets wanakitaka: walimsajili tena mpigaji wao mzito, Chris Davis, aliyeongoza Ligi ya Marekani kwa homurani mwaka 2013 na 2015, kwa miaka 7 na milioni 161. Mwaka 2018 wastani wake ulikuwa .168. Kati ya msimu huo na uliofuata akapita zamu 54 za kupiga bila kupata hata pigo safi moja, rekodi mbaya kuliko zote kwa mchezaji asiye mrushaji. Alistaafu 2021. Milioni 42 za mkataba ule ziliwekwa zilipwe baadaye: 3.5 kila mwaka kuanzia 2023 hadi 2032, kisha 1.4 kila mwaka hadi 2037.

Mwaka wa mwisho wa Alonso ni 2030. Ofisi ya fedha ya Orioles msimu huo itatoa hundi mbili kwa wachezaji wa besi ya kwanza, na moja itakwenda kwa mtu atakayekuwa amestaafu miaka tisa.