Nani ashike usukani jukwaani: dragi, ulemavu na gharama ya kumfikia kila mtazamaji

Mwaka 2019 kundi la Drag Syndrome la London lilialikwa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, Marekani. Wasanii wake wana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa akili na mwili, na wanacheza dragi: hujipamba, hupanda jukwaani na kuigiza mwanamke au mwanamume kwa kutia chumvi, huku wakifuatisha nyimbo kwa midomo. Mwenyeji wao alikuwa DisArt, shirika la sanaa la watu wenye ulemavu la mji huo. Mwenye jengo walilokuwa wamepanga kulitumia, Peter Meijer, ambaye wakati huo alikuwa akiwania ubunge, aliwakatalia. Aliona kwamba watu wenye ulemavu wa aina hii wanahitaji kulindwa, na alitilia shaka kama wamekubali kwa hiari kamili. Onyesho likahamishiwa Wealthy Theatre, na shirika la haki la ACLU likapeleka malalamiko ya ubaguzi kwa serikali ya shirikisho.

Wasiwasi wa Meijer si wa kupuuzwa moja kwa moja. Ulaya na Marekani zina historia chafu ya kuonyesha miili ya watu wenye ulemavu kwa kiingilio, umati ukicheka na mapato yakiingia mfukoni mwa mtu mwingine. Anayejua historia hiyo ana haki ya kuuliza nani ananufaika. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kuwaamulia watu wazima ni jambo jingine. Ulinzi unaomnyang'anya mtu jukwaa lake bila kumsikiliza yeye mwenyewe haumlindi na lolote.

Hata hivyo kuna swali gumu zaidi, nalo linapaswa kutoka upande wetu sisi tunaowaunga mkono. Mwanzilishi na mkurugenzi wa Drag Syndrome, Daniel Vais, hana sindromu ya Down. Je, hii ni sanaa inayoongozwa na watu wenye ulemavu, au ni sanaa inayochezwa nao tu? Nadhani jibu halipatikani kwa kutazama cheo cha mkurugenzi. Linapatikana kwa kuuliza nani anabuni mhusika, nani anajua malipo ni kiasi gani, na nani anaweza kusema leo sichezi na likasikika. Msanii mwenye ulemavu wa akili anaweza kuhitaji mtu wa kumsaidia kusoma mkataba na bado akabaki ndiye mwenye uamuzi.

Uongozi wa wasanii wenye ulemavu unaleta tofauti gani kwa mtazamaji? Chukua maelezo ya sauti kwa wasioona. Desturi ya muda mrefu kwenye kumbi za Uingereza na Marekani ni kwamba mwelezaji hukaa pembeni na kusema anachokiona kwa sauti tulivu, isiyoegemea popote, na msikilizaji humpata kupitia kifaa cha masikioni. Kwa tamthilia ya kawaida huenda ikatosha. Kwa dragi haitoshi hata kidogo. Msanii anavua joho, umati unapiga yowe, na asiyeona anabaki na yowe tupu. Na mwelezaji akisema "mwanamume aliyevaa gauni", amekwisha kuegemea upande: amemtajia mtu jinsia ambayo pengine msanii mwenyewe ametumia saa tatu za vipodozi kuikataa.

Hapa ndipo kazi ya Quiplash, kampuni ya Uingereza ya Amelia na Al Lander-Cavallo, inaponishawishi. Amelia ni msanii asiyeona, na hucheza dragi kwa jina la Tito Bone. Wao huyaingiza maelezo ndani ya onyesho lenyewe, na huwafundisha wengine kuelezea sanaa ya kuchu, yaani ya wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao. Wamewafundisha pia wasioona wanaotaka kucheza dragi wenyewe. Mantiki yake ni nyepesi: usiku wa dragi tayari una mshereheshaji mwenye mdomo mkali. Kwa nini sifa za lile gauni zisitoke kinywani mwake, kwa utani na mbwembwe zile zile, ili ukumbi mzima ucheke kwa wakati mmoja?

Nchini Marekani Kinetic Light, kundi la Alice Sheppard lililoanza mwaka 2016, lilikwenda njia nyingine. Katika onyesho lao la DESCENT, Sheppard na Laurel Lawson wanacheza kisa cha mapenzi ya wanawake wawili, Venus na Andromeda, wakiwa kwenye viti vyao vya magurudumu juu ya jukwaa lenye miinuko na miteremko. Lawson aliongoza utengenezaji wa Audimance, programu ya simu inayompa msikilizaji njia kadhaa za sauti kwa pamoja, naye akachagua asikilize ipi na ahame lini. Asiyeona anapewa kile ambacho mwenye macho amekuwa nacho siku zote: uhuru wa kuamua aangalie wapi.

Wanaopinga mwelekeo huu nao wana hoja, na baadhi yake zinauma. Wapo wasanii wanaosema maelezo yanayosikika na ukumbi mzima yanaua ukimya, na ukimya nao ni sanaa. Sikubaliani nao sana, maana dragi haijawahi kuwa sanaa ya kimya. Lenye uzito zaidi ni kwamba mahitaji ya watu hugongana. Kiziwi anaweza kutaka besi nzito anayoihisi kifuani, wakati jirani yake mwenye usonji anaumizwa na sauti hiyo hiyo. Uongozi wa msanii mwenye ulemavu haufuti mgongano huo. Asiyeona hajui moja kwa moja mahitaji ya kiziwi. Sins Invalid, kundi la California lililoanzishwa na Patty Berne na Leroy Moore, liliandika kanuni 10 za haki ya ulemavu, na mojawapo inasema ufikiaji, yaani kila mtu kuweza kuingia na kulifuata onyesho, ni jukumu la pamoja. Kwa vitendo, hiyo maana yake ni mikutano mingi na mivutano isiyoisha haraka.

Kisha kuna majengo. Kumbi nyingi za kuchu (LGBTQ) za London ni za zamani: ngazi nyembamba, vyumba vya chini ya ardhi. Kati ya mwaka 2006 na 2017 zaidi ya nusu ya kumbi hizo zilifungwa, na zilizobaki zinahangaika na kodi. Mwenye ukumbi anayesema hana fedha za lifti mara nyingi hadanganyi. Lakini angalia kinachotokea mahali penye nia njema: choo kimoja cha walemavu kinageuzwa kuwa choo cha jinsia zote, na mwenye kiti cha magurudumu anajikuta wa kumi kwenye foleni. Haki moja imelipiwa kwa haki nyingine, na ukumbi haukugharamika chochote.

Hofu yangu kubwa inatokana na hapo. Kadiri wasanii wenye ulemavu wanavyokuwa mahodari wa kubuni ufikiaji, ndivyo kumbi zinavyojifunza kuwaachia mzigo wote. Msanii anaalikwa kucheza, kisha anaombwa akague mlango, atafute mkalimani wa lugha ya alama na awafundishe wahudumu, kwa malipo ya onyesho moja. Mpango wa serikali ya Uingereza wa Access to Work husaidia kulipia wasaidizi na wakalimani, lakini foleni yake ni ndefu, na onyesho halisubiri. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 imeweka wajibu wa marekebisho kwa anayetoa huduma. Haikumwekea mgeni aliyealikwa kuimba.

Kwa hiyo naunga mkono usukani kushikwa na wasanii wenye ulemavu, kwa sharti moja: maamuzi ya kisanaa na bajeti viende pamoja. Mwelezaji, mkalimani na saa za ushauri viandikwe kwenye mkataba kama mistari ya malipo inayojitegemea, kando ya ujira wa msanii, kabla tarehe ya onyesho haijatangazwa. Na kama ukumbi una ngazi tu, useme hivyo kwenye tangazo la tiketi, ili mtu aamue kabla ya kulipa nauli.