Vifurushi vya familia, utata mtupu

Hivi nani anatunga vifurushi hivi vya simu kwa familia inayohamia nje? Tangazo linataja bei ya laini moja kwa maandishi makubwa. Sogea karibu, chini kabisa, kwa herufi za kusomewa na darubini, unakuta bei hiyo ni ya atakayechukua laini nne. Sisi tuko watatu. Ya nne nimpe paka?

Halafu mkataba wa miezi 24! Mtu ndiyo kwanza ameshuka na mabegi, hata nyumba ya kudumu hajapata, mnamfunga miaka miwili. Na kabla ya kusaini wanataka historia ya mikopo, yaani rekodi ya ulivyolipa madeni nchini humo. Mgeni aitoe wapi? Laini ya kulipia kabla mara nyingi ndiyo inayomfaa mgeni, ila muuzaji hakuambii mpaka umbane.

Intaneti ya "bila kikomo" nayo, ukipita gigabaiti kadhaa kasi inashushwa, na bibi anaganda kwenye video mdomo wazi, katikati ya kuuliza mtoto amekula nini. Simu mliyokuja nayo ikiwa imefungwa kwa mtandao wa zamani, laini mpya haifanyi kazi.

Lakini kinachonichosha kuliko vyote ni namba ya zamani. Benki bado inatuma msimbo wa uthibitisho huko huko, kwa hiyo lazima uendelee kuiwekea salio isije ikafungwa na kupewa mtu mwingine. Watu watatu, laini sita!