Modeli nyepesi huanza mkononi mwa anayechonga

Mwaka jana nilimaliza kuchonga kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kutengeneza maumbo ya 3D, mlango wa nakshi wa Kizanzibari: mbao mbili, mfaa katikati, mnyororo ukizunguka fremu, maua kwenye kizingiti cha juu, misumari 80 ya shaba. Nikamtumia mjomba wangu aliyeko Tanga, seremala wa miaka mingi, autazame kwenye simu. Faili ilikuwa MB 140. Bando likamwishia kabla hajauona mlango.

Wengi wetu katika kazi hii tunachonga bila kuhesabu, kisha tunategemea programu ya kubana ituokoe mwishoni. Naona hapo ndipo tunapokosea. Chukua Draco, ambayo Google waliitoa bure mwaka 2017. Ni kazi nzuri sana. Umbo la 3D hujengwa kwa pembetatu ndogondogo zilizounganishwa: Draco hupunguza tarakimu zinazotaja mahali pa kila ncha, huzipanga pembetatu ili inayofuata itabirike kutokana na iliyotangulia, na faili ya umbo husinyaa mara kadhaa. Lakini ikishafunguliwa, pembetatu milioni 3 za mlango wangu ni zilezile milioni 3, na simu ya bei nafuu italazimika kuzichora zote, tena na tena, kila sekunde. Kilichopungua ni mzigo wa njiani tu.

Teksicha, yaani picha zinazovishwa juu ya umbo, nazo huumiza zaidi, maana hazionekani kuwa nzito. Picha ya JPEG ya pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kuchukua MB chache tu kwenye diski. Kadi ya michoro haisomi JPEG. Picha hufunguliwa kwanza, baiti 4 kwa kila pikseli, jumla MB 64. Mlango wangu ulikuwa na tatu za namna hiyo: ya rangi, ya mabonde na miinuko, ya mng'ao. MB 192 za kumbukumbu kwa mlango mmoja! Siku hizi nazihifadhi kwa KTX2, aina ya faili ya teksicha ambayo hubaki imebanwa hata ndani ya kadi, na nimeshuka hadi pikseli 1024.

Jibu lenyewe nililipata kwa kuutazama mlango upya. Fundi nakshi habuni ua jipya kila shubiri. Ana ua moja na analirudia. Nami nikachonga msumari mmoja, ile 79 ikawa maelekezo tu ya mahali pa kuuweka. Pingili moja ya mnyororo ikatosha fremu nzima. Upande wa kushoto ukawa taswira ya kioo ya upande wa kulia. Nakshi za kina kifupi nikazihamishia kwenye teksicha, pembetatu nikazibakiza pale ukingo unapoonekana dhidi ya ukuta. Milioni 3 zikawa 38,000, bila kubana chochote. Draco haijui kwamba misumari ile ni ileile, inaona namba. Anayejua ni aliyeichonga.

Uhuishaji ni vivyo hivyo, na ndani ya faili za glTF, aina ya faili ya kusafirishia modeli za 3D, Draco haiugusi kabisa. Mlango wangu hufunguka kwa sekunde 4. Programu ilikuwa imehifadhi hatua zote 120 za mwendo wa kila ubao, ilhali ubao unazunguka kwenye mhimili wake tu: hatua muhimu 3 zilitosha. Kwa mhusika anayetembea, mifupa hairefuki wala haifupiki, kwa hiyo karibu yote unahifadhi mzunguko wake peke yake.

Niseme pia kuhusu zile tarakimu za ncha ambazo Draco huzipunguza: ukizikata mno, sehemu zinazogusana huachana, kwa sababu kila sehemu hupimwa kwa gridi yake. Ufa mwembamba ulitokea kati ya mfaa na ubao nilipotumia biti 10 kwa kila tarakimu. Kwa biti 14 ukatoweka.

Mjomba alipata faili ya MB 2. Akaukuza mfaa, akaukagua kwa muda mrefu kama anavyokagua kazi za wanafunzi wake.

Hilo linanifanya niifikirie Kilwa Kisiwani. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town imeyapima magofu yale kwa leza, ukiwemo Msikiti Mkuu. Leza haichagui, huleta kila jiwe na kila ufa kwa uzito uleule. Natamani mtoto wa Kilwa Masoko auzunguke msikiti ule kwenye simu ya mama yake, na kwa hilo lazima apatikane mtu anayezijua kuba na nguzo zile, akae aamue kipi kibaki pembetatu na kipi kiwe picha.