"Uzee huo" si ugonjwa

Hakuna jibu linaloniudhi kama hili: "Uzee huo, bi mkubwa." Mtu ana miaka 72, analalamika mabega yote mawili, shingo na nyonga, anapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu, mjukuu anamsugua mafuta ya karafuu, basi. Uzee gani huo unaoingia kwa wiki mbili? Mwezi uliopita alikuwa akipanda daladala mwenyewe, leo hawezi kuinua mikono kujifunga ushungi!

Ugonjwa wenyewe ni polimialjia rumatika. Huanzia miaka 50 na kuendelea, zaidi kwa waliofika sabini, na wanawake ndio wengi. Kinachowapoteza watu ni saa. Alfajiri mzee amekakamaa: kugeuka kitandani ni kazi, kwenye takbira mikono haifiki masikioni, kuinuka kwenye msala mpaka ashikwe. Hali hiyo huzidi dakika 45, pengine saa nzima na zaidi. Ikifika adhuhuri kalegea, yuko barazani na bao lake, na nyumbani wanasema anajidekeza. Hajidekezi. Uvimbe uko ndani, kwenye vifuko vya majimaji na utando unaozunguka maungio ya bega na nyonga, na akitulia usiku kucha hukaza. Ndio maana ukiminya misuli huoni kitu.

Nakubali, shingo upande, kwamba goti moja linalouma baada ya kutembea huenda likawa limelika tu. Lakini pande zote mbili, asubuhi, na ghafla? Omba apimwe ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Mara nyingi huwa juu.

Dawa ni prednisoloni, ya jamii ya steroidi, miligramu 12.5 hadi 25, mara moja asubuhi baada ya kula. Miligramu 15 ni vidonge 3 vya 5. Nafuu huja kwa siku chache, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: kajiona mzima, kaacha! Maumivu yanarudi, na tezi za juu ya figo, zilizolala muda wote huo kwa sababu dawa ilikuwa ikifanya kazi yao, haziamki kwa siku moja. Mtu analegea, presha inashuka. Daktari huishusha dozi hadi 10 kwa wiki 4 mpaka 8, kisha huipunguza miligramu 1 kila baada ya wiki 4. Vidonge vya 1 vikikosekana, inawezekana kumeza leo 10, kesho 7.5. Safari ni mwaka, mara nyingi miwili. Ramadhani isiwe sababu ya kuruka siku; azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama, kama dozi ihamie daku. Sukari, presha na mifupa viangaliwe, maana dawa hii inavigusa vyote. Kumnunulia dukani kwa kukisia, hapana.

Na akianza kuumwa kichwa kwenye panja, taya likamchosha akitafuna pweza, ngozi ya kichwa ikamuuma akichanwa nywele, au jicho likafifia, hapo mishipa ya damu ya kichwani imevimba na anaweza kupofuka moja kwa moja. Mpelekeni hospitali siku ile ile, hata ikiwa Ijumaa usiku.