Camaret: mnara unatunzwa, vyombo vinaachwa vioze

Bandari ya Camaret-sur-Mer, magharibi kabisa mwa Bretagne nchini Ufaransa, imekingwa na ulimi wa kokoto uitwao Sillon. Juu ya ulimi huo kuna mnara mwekundu wa ulinzi wa Vauban, mhandisi wa ngome, ulioanza kujengwa 1693, na kando yake kanisa dogo la Notre-Dame de Rocamadour. Juni 1694 mizinga ya hapo ilisaidia kuwatimua Waingereza na Waholanzi waliotaka kushuka pwani. Tangu 2008 mnara umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Hatua chache kutoka hapo yamelala magofu ya vyombo vya mbao vya wavuvi. Mbao zimeng'oka, mataruma, yaani mbavu za chombo, yako nje, misumari imeliwa na kutu. Watalii wanayapenda mno. Wengine wanauliza: mbona jengo la vita linakarabatiwa, na chombo kilicholisha mji kinaachwa kife?

Swali hilo lina uzito. Camaret iliishi kwa sadini, kisha kwa kamba koche, wale kamba wakubwa wa baharini, na katikati ya karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za kamba hao Ufaransa. Vyombo vyake vilikuwa na chumba kilichotobolewa matundu chini ili maji ya bahari yaingie na kutoka, kamba wafike sokoni wakiwa hai. Kamba wa karibu walipopungua, wavuvi walikwenda hadi Mauritania. Kati ya mizinga na matundu hayo, mimi naona matundu ndiyo yanayoeleza zaidi watu wa hapa waliishije.

Lakini kukarabati magofu yenyewe? Hapo nasita. Mbao iliyokaa miaka ikilowa maji yakijaa na kukauka yakipwa haina tena nguvu ya kushika msumari. Fundi atabadilisha ubao huu, kisha wa pili, kisha mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na mwisho atakuwa ameunda chombo kipya kwa gharama ya kipya. Isitoshe, wavuvi wenyewe ndio waliokuwa na desturi ya kukiacha chombo kizee pembeni kimalizike taratibu. Hata hivyo, wanaosifu "uzuri wa kuoza" wananichosha kidogo. Aliyevuja jasho ndani yake huenda asiuone uzuri huo.

Fedha zikipatikana, ningezipeleka kwa Belle-Étoile, nakala ya chombo cha zamani cha kuvulia kamba koche, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na inayotweka tanga hadi leo. Chombo kinachosafiri kinahitaji mtu wa kukikalafati (kuziba nafasi kati ya mbao), kushona tanga na kusoma mkondo, kwa hiyo ufundi unabaki mikononi mwa watu. Magofu yapimwe na kupigwa picha kila ubao, wakati bado upo, na yawekewe bango linaloeleza yale matundu yalikuwa ya nini.