Ngisi Hahesabiwi kwa Sitaha Iliyojaa

Meli ikirudi imejaa ngisi, ni rahisi kuamini kwamba baharini wamejaa pia. Siiamini tena hesabu hiyo, na inaniuma kuona bado inatumika kuamua wavuliwe wangapi.

Ngisi wengi huvuliwa usiku. Taa kali huwashwa, ngisi hujikusanya ukingoni mwa mwanga, kwenye kivuli cha meli, na mashine huwanasa kwa ndoano zinazopanda na kushuka. Meli nyingine zikisikia kuna neema, hukimbilia hapohapo. Ndiyo maana tani za kila usiku zinaweza kubaki juu huku ngisi wakipungua: waliobaki wamesongamana, na meli zimewafuata. Anayegawanya mavuno kwa siku za uvuvi bila kuangalia ukubwa wa meli, nguvu ya taa, hata mbalamwezi (mwezi mpevu huzifanya taa zisivute), anapata namba inayopendeza macho na kudanganya.

Kosa hilo lingevumilika kwa samaki anayeishi miaka mingi. Ngisi wa Atlantiki ya Kusini Magharibi, Illex argentinus, huishi takriban mwaka mmoja, hutaga mara moja na kufa. Hakuna rika la wakubwa linalobaki kama akiba. Katika maji ya Visiwa vya Falkland, mwaka 2015 zilivuliwa zaidi ya tani 300,000 za ngisi huyu. Mwaka uliofuata hazikufika 3,000.

Hapo ndipo wengi hukimbilia takwimu za bahari, na wana sababu. Setilaiti hupima joto la uso wa bahari na klorofili (rangi ya kijani ya mimea midogo ya baharini) kila siku, na joto la maji ambamo mayai huanguliwa limeonekana kuhusiana na mavuno ya msimu unaofuata. Ila joto linatuambia nyumba inakalika. Halituambii wamo wangapi. Modeli ya kompyuta iliyofunzwa kwa takwimu za miaka ishirini iliyopita inaijua bahari ya miaka hiyo, na bahari inazidi kupata joto. Ningeitumia kuandaa msimu, nisingeiachia iamue peke yake.

Ninachokiamini zaidi ni kuhesabu msimu ukiendelea. Kila juma unalinganisha mavuno ya kila saa na jumla iliyokwisha kutolewa; kasi ya kushuka inakuonyesha walikuwa wangapi mwanzoni. Falkland wametumia njia hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakilenga mwanzoni asilimia 40 ya ngisi wabaki hai wakatage. Ina udhaifu: kundi jipya likiingia katikati ya msimu, mstari huo wa kushuka unavunjika na hesabu inaanza upya. Hapo joto na mikondo husaidia kweli, kwa kueleza kundi hilo limetoka wapi.

Lakini hesabu hiyo haiwezekani bila taarifa za kila meli. Nje ya maili 200 za pwani ya Ajentina, meli nyingi huwavua ngisi haohao, na hakuna chombo cha kikanda kinachosimamia uvuvi huo. Taa zao zinaonekana kutoka angani, kwa hiyo tunaweza kujua meli zilikuwapo ngapi na kwa usiku mingapi. Walichopandisha hatukijui kwa wakati. Daftari la mavuno la kila usiku likabidhiwe ndani ya juma hilohilo, kwa sababu ngisi wanaotakiwa kubaki wanavuliwa usiku huuhuu.